Kitunguu kikipikwa vyema, chumvi hupungua

Kuna harufu moja ambayo huwezi kuikosa ukipanda ngazi za nyumba yoyote ya orofa hapa Nairobi mwendo wa saa moja jioni. Ni harufu ya vitunguu vinavyoungua kwenye mafuta yaliyopata moto kupita kiasi. Kila mlango una sufuria yake, na karibu kila sufuria ina haraka. Watu wametoka kazini, matatu zimewachelewesha, watoto wana njaa na kazi ya shule haijafanywa. Vitunguu hutupwa kwenye mafuta, vikageuzwa mara mbili tatu, nyanya zikafuata, kisha unga wa mchuzi wa pakiti, kisha chumvi. Baada ya muda mfupi chakula ki tayari mezani.

Sina nia ya kumkejeli mtu yeyote. Nami nilipika hivyo kwa miaka mingi na sikuona ubaya wowote. Lakini sasa naamini kwamba sehemu kubwa ya chumvi tunayoila majumbani mwetu huingia sufuriani kufidia kitunguu ambacho hakikupikwa. Tunakinyima kitunguu muda wake, chakula kinakosa ladha, kisha tunakimbilia kopo la chumvi.

Aliyenifumbua macho ni mama yangu mzazi. Alikuja kukaa nami kutoka Voi baada ya kuambiwa kwamba shinikizo lake la damu lilikuwa limepanda. Alipewa dawa, akaambiwa apunguze chumvi na mafuta, basi. Hakuna aliyemweleza apunguze vipi bila kukichukia chakula. Wiki ya kwanza nilifanya kama wafanyavyo wengi: nilitoa chumvi, nikaacha mambo mengine yote kama yalivyokuwa. Maharagwe yakawa hayana mbele wala nyuma. Mama alikula vijiko vitatu, akaisukuma sahani kando. Siku ya nne nilimfumania akinyunyiza chumvi mbichi juu ya ndengu, na haikuwa kidogo.

Jumamosi aliingia jikoni, akasimama kando yangu akiangalia. Nilikuwa tayari nimeshika nyanya za kutia.

"Mwanangu," akasema, "hicho kitunguu hujakikaanga. Umekiosha kwa mafuta tu."

Akaninyang'anya mwiko, akapunguza moto, na nyanya akaziweka mbali nami kama anayemficha mtoto sukari. Vitunguu vitatu vilikaa kwenye moto huo mdogo karibu nusu saa. Mimi nilikuwa nikitazama saa. Yeye alikuwa akinisimulia habari za majirani. Maharagwe ya siku hiyo yalitiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa sufuria ya watu sita, na hakuna aliyelalamika. Kijana wangu aliuliza kama nilikuwa nimetia supu ya nyama.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kisichofurika. Kipimo hicho kinajumuisha chumvi yote: iliyo ndani ya mkate wa asubuhi, iliyo kwenye chipsi za mchana na iliyo kwenye mchuzi wa usiku. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa humu nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la damu lililo juu, na wengi hawakuwa wamewahi kupimwa kabla ya hapo. Kwa hivyo, msomaji, hata kama hakuna mgonjwa anayejulikana nyumbani kwako, huenda yupo na hamjui.

Na chumvi haiji kwa jina la chumvi pekee. Chukua ile pakiti ya unga wa mchuzi uliyo nayo jikoni, uigeuze nyuma uisome. Viungo hupangwa kuanzia kile kilicho kingi zaidi. Katika pakiti nyingi utaikuta chumvi ikiwa ya kwanza, au miongoni mwa vile vya mwanzo kabisa. Anayetia vijiko viwili vya unga huo kisha akaongeza chumvi "ya kuonja" ametia chumvi mara mbili. Halafu kuna magadi. Wengi wetu huyatia kwenye githeri, maharagwe na mboga za kienyeji ili zilainike upesi, na hatuyahesabu kwa kuwa hayana ladha ya chumvi. Lakini magadi nayo yana sodiamu, kitu kile kile kilicho ndani ya chumvi ambacho mwenye presha anaambiwa akiepuke. Nimekutana na watu walioacha chumvi kwa uaminifu mkubwa huku wakiendelea na magadi kila Jumapili.

Sasa kitunguu kinaingiaje hapo? Kitunguu kibichi karibu asilimia 89 ni maji. Ndani ya maji hayo mna sukari ya asili na chembechembe zenye salfa ambazo ndizo chanzo cha ukali na harufu yake. Ukikitia kwenye sufuria, kazi ya kwanza ya moto ni kuyatoa maji hayo. Yakiwa bado mengi, joto la kitunguu haliwezi kupita lile la maji yanayochemka. Na hapa Nairobi, kwa kuwa tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi. Kwa joto hilo kitunguu hulainika, lakini hakigeuki rangi. Ile hudhurungi, pamoja na ladha nzito inayokaribia ya nyama, huanza maji yanapokaribia kwisha na joto likapanda zaidi ya hapo. Hakuna njia ya mkato. Ukizidisha moto ili kuharakisha, ukingo wa kipande huungua ukawa mchungu na katikati bado ni kibichi. Hiyo ndiyo harufu ya kwenye ngazi.

Kosa la pili, ambalo nadhani ndilo kubwa zaidi katika majiko yetu, ni nyanya kuingia mapema. Nyanya ina maji na ina uchachu. Maji yake hushusha joto papo hapo, na uchachu wake hukifanya kitunguu kikaze badala ya kulainika. Kitunguu kilichokutana na nyanya kikiwa kigumu kitabaki kigumu hadi mwisho wa mapishi, na utakitafuna kwenye mchuzi kama kitu kilichopotea njia. Mpishi anayengoja kitunguu chake kigeuke kwanza, kisha akatia nyanya, atapata mchuzi mzito wenye rangi, bila unga wowote wa kuuzitisha.

Najua kuna msomaji anayesema: gesi ni ghali, na makaa hayauzwi bure. Ni kweli, na silipuuzi jambo hilo. Ila moto ninaouzungumzia ni mdogo. Mwenye gesi ataushusha hadi karibu na mwisho na kufunika sufuria kwa dakika kumi za kwanza ili vitunguu vilainike kwa mvuke wao wenyewe, kisha afunue vikauke na kugeuka rangi. Vikianza kushika chini, atie kijiko kimoja cha maji badala ya mafuta na akwangue kwa mwiko. Ile rangi iliyoganda chini huyeyuka ikarudi kwenye chakula. Mwenye jiko la makaa naye ana bahati ambayo huenda haijui. Makaa yaliyokwisha kuchemsha maharagwe, yaliyobaki mekundu bila miali, ndio moto bora kabisa wa kitunguu. Watu huyamwagia maji au kuyaacha yafe. Ipua maharagwe, weka sufuria ya vitunguu hapo, kisha uyarudishe maharagwe yaungwe. Aliye na friji anaweza kukaanga vitunguu sita kwa mara moja siku ya Jumapili na kuviweka ndani ya kopo lenye kifuniko, akavitumia hadi Jumatano. Mimi hufanya hivyo, na siku za kazi chakula changu huwa tayari mapema kuliko zamani.

Kuhusu mafuta, acheni kumimina kutoka mtungini. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina takriban kalori 120, ilhali gramu 100 za kitunguu, yaani kimoja cha wastani, zina kalori 40 tu. Vijiko viwili vya mafuta vinatosha vitunguu vitatu na familia ya watu watano. Pima kwa kijiko juma moja tu, nawe utashangaa ulikuwa ukimimina kiasi gani.

Bila shaka haya yote hayafai kitu ikiwa umenunua kitunguu kibovu, na hapa wakazi wa mijini tunapunjwa sana kwa kutojua. Vitunguu vingi vinavyouzwa Nairobi hutoka Kieni kule Nyeri, Loitokitok katika Kajiado, na vingine huvuka mpaka wa Namanga kutoka Tanzania, hasa vile vya Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi. Muulize mchuuzi yeyote wa soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, na aghalabu atakuambia kwamba anavipenda vya Tanzania kwa sababu ni vikavu. Siri haiko kwenye udongo pekee. Kitunguu kinapong'olewa kinahitaji kuanikwa kivulini penye hewa mpaka shingo yake inyauke na maganda ya nje yakauke. Bei inapokuwa nzuri, wakulima wengine huvingo'a kabla havijakomaa na kuvikimbiza sokoni vikiwa vibichi. Mnunuzi hupata kitunguu kikubwa, kizito kwa sababu ya maji, ambacho baada ya siku tano kinatoa ute.

Basi ukifika kibandani, anza na shingo. Ibonyeze kwa kidole gumba. Ikiwa imebana na kukauka, kitunguu hicho kilianikwa. Ikiwa nene na laini, kirudishe, hata kama sehemu nyingine ni ngumu, kwa kuwa uozo huanzia hapo na kushuka ndani bila kuonekana. Ganda la nje linapaswa kutoa sauti ya karatasi. Kitunguu chenyewe kiwe kigumu kote na kizito kuliko unavyokitarajia. Chenye chipukizi la kijani hakina sumu, ila kimekwisha kutumia sukari yake kulisha chipukizi hilo. Kitumie leo au kiache. Ule unga mweusi unaouona chini ya ganda ni ukungu. Ukiwa kidogo kwenye tabaka la nje, limenye tabaka hilo, osha, na kata kilichobaki. Ukiwa umeingia hadi ndani, tupa.

Ukubwa si ubora. Vitunguu vyekundu vya wastani, ambavyo wakulima wamevipanda hapa kwa miaka mingi, kama vile Red Creole na Bombay Red, huwa vikali vikiwa vibichi, lakini ukali huo ndio hugeuka ladha vikikaangwa. Sokoni hutasikia majina hayo. Utasikia "vya Tanzania" na "vya Loitokitok". Vile vikubwa vyenye maji mengi vinafaa kachumbari. Kwa mchuzi, nipe vitatu vidogo vigumu badala ya kimoja kikubwa kama ngumi.

Na mafungu? Fungu la vitunguu vidogo vilivyochanganywa na vilivyobonyea huonekana rahisi, lakini ukimenya na kutoa sehemu mbovu unabaki na nusu. Pima kwa kilo unapoweza. Tukumbuke jinsi bei ilivyopanda mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, wakati kitunguu kimoja cha wastani kiliuzwa shilingi 20 na hata zaidi katika vibanda vingi vya jiji. Nyumba nyingi zilianza wakati huo kupunguza vitunguu na kuongeza unga wa pakiti. Bei ilishuka baadaye, lakini kwa maoni yangu ile desturi ilibaki.

Ukishavifikisha nyumbani, visikae ndani ya mfuko uliofungwa wa aina yoyote. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, lakini ile ya kushonwa inayofanana na kitambaa ukiifunga nayo huhifadhi unyevu vilevile. Kikapu au wavu ulioning'inizwa penye kivuli na hewa unatosha. Na tafadhali visitenganishwe na jua tu, vitenganishwe na viazi pia. Viazi hutoa unyevu, vitunguu vikaoza, na viazi vyenyewe vikachipuka. Katika nyumba nyingi nilizozuru viwili hivi hulala kwenye ndoo moja chini ya sinki.

Kukata nako kuna maana yake. Ukikikata kitunguu kutoka shina hadi ncha, vipande hushikamana na kubaki na umbo hata baada ya kupikwa. Hivyo ndivyo nikatavyo vya pilau na vya matumbo. Ukikikata kwa upana, kwa pete, huyeyuka upesi. Hivyo ni vya maharagwe na ndengu. Machozi hutoka kwa sababu kisu kinapopasua seli za kitunguu, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana hukutana na kutengeneza gesi yenye salfa inayochoma macho. Kisu butu huponda seli nyingi zaidi, kwa hivyo dawa ya kwanza ni kukinoa kisu. Ya pili ni kukiweka kitunguu mahali pa baridi nusu saa kabla, kwa maana baridi hupunguza kasi ya utengenezaji wa gesi hiyo. Mengine yote, kama kutafuna mkate au kuwasha mshumaa, nimeyajaribu na nikalia vilevile.

Kwa maharagwe na githeri, loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya bila magadi. Yatachukua muda, hasa huku kwetu bara, lakini yaliyolowekwa hayahitaji magadi. Kaanga vitunguu hadi viwe hudhurungi, tia kitunguu saumu dakika moja tu kwa sababu huungua upesi, kisha nyanya, zipike mpaka mafuta yajitenge, ndipo maharagwe yaingie na maji yake kidogo. Ponda kijiko kimoja au viwili vya maharagwe ubavuni mwa sufuria. Chumvi itiwe mwisho, kidogo, baada ya kuonja. Ukiona bado kuna kitu kinachopungua, kabla ya kurudi kwenye chumvi jaribu tone la ndimu na dania. Mara nyingi ulimi unaodai chumvi huwa unadai uchachu.

Sukumawiki ni kinyume chake. Hapo kitunguu kisipikwe sana. Kipike mpaka king'ae na kianze tu kuwa cha dhahabu pembeni, tia sukuma iliyokatwa nyembamba, geuza dakika nne au tano, ipua ikiwa bado kijani. Sukuma iliyopikwa hivyo haihitaji unga wa mchuzi, na sijawahi kuelewa nani aliyetufundisha kuutia. Kwa omena, osha kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa, kausha, kaanga kando kwa mafuta kidogo, kisha uchanganye na vitunguu vingi vilivyokwisha iva pamoja na nyanya. Vitunguu viwe karibu nusu ya omena kwa wingi. Kwa mukimo au githeri isiyo na mchuzi, majani ya vitunguu yaliyokatwa na kutiwa mwishoni huleta harufu ambayo pakiti haiwezi kuigiza.

Pilau nataka niiseme peke yake, kwa sababu hapa bara tumeiharibu. Rangi ya pilau ni rangi ya vitunguu. Watu wa pwani hulijua hilo tangu utotoni: vitunguu hukaangwa taratibu hadi vikaribie rangi ya kahawa, bila kuungua, kisha hutiwa maji, na maji hayo ndiyo hupaka wali. Nimekaribishwa kwenye harusi nikala pilau iliyopata weusi kutoka kwenye chupa ya sosi ya soya. Sosi hiyo ni chumvi tupu iliyotiwa rangi. Vitunguu vinne vya wastani kwa kilo moja ya mchele, subira ya nusu saa, bizari nyembamba, iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu, na wali utakuwa na rangi bila kumtafuta muuza chupa.

Kuna mambo mawili matatu yanayosemwa juu ya kitunguu ambayo ni lazima niyapinge kwa kuwa yanaweza kumdhuru mtu. La kwanza ni kwamba maji ya kitunguu huponya presha. Ni kweli kitunguu, hasa chekundu na hasa matabaka yake ya nje, kina kemikali iitwayo kwasetini, na kuna tafiti zilizoona kwamba inaweza kushusha shinikizo la damu kidogo. Lakini tafiti hizo zilitumia vidonge vyenye kipimo kikubwa kuliko kile apatacho mtu katika mlo wa kawaida. Hakuna aliyethibitisha kwamba glasi ya maji ya kitunguu inaweza kuchukua nafasi ya dawa. Mama alikuwa na rafiki aliyemshauri aache tembe zake ajaribu maji hayo mwezi mmoja, na nashukuru kwamba aliniambia kwanza. Kitunguu hapa kinasaidia kwa njia nyingine kabisa: kinakuwezesha kupunguza chumvi na bado ukala. Tembe zimezwe kama ulivyoagizwa.

La pili ni kwamba kipande cha kitunguu kikiwekwa chumbani au ndani ya soksi huvuta viini vya mafua. Hakivuti chochote isipokuwa nzi. La tatu, kinyume chake, ni kwamba kitunguu kilichokatwa kikilala hugeuka sumu. Hapana. Kifunike, kiweke kwenye friji, kitumie kesho yake.

Walakini si kila tumbo linakipenda. Kitunguu kina aina ya wanga ambayo utumbo mdogo hauwezi kuisaga, ikafika utumbo mkubwa na kuchachushwa na bakteria; ndiyo sababu wengine hujaa gesi. Wenye kiungulia nao aghalabu huteseka wakila kibichi usiku. Hao watumie majani ya kijani ya vitunguu, yale ya juu, ambayo wengi huyavumilia, au wapunguze kiasi na wajipime wenyewe.

Na kwa kuwa nimetaja kibichi, neno moja kuhusu kachumbari. Ni nzuri, ni ya bei nafuu, na haina mafuta hata kidogo. Lakini haipiti motoni. Humu nchini tulikuwa na mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 na kuendelea mwaka uliofuata, na ugonjwa huo hupitia maji na mikono michafu. Kachumbari ya kibandani iliyokatwa asubuhi, kwa kisu kilichofutwa kwa kitambaa kimoja tangu alfajiri, siili, hata mwenye kibanda akiwa rafiki yangu. Nyumbani osha kitunguu kabla ya kukimenya, kikate chembamba, kifikiche kwa chumvi kidogo kama wafanyavyo pwani ili ukali utoke, kisha ukisuuze vizuri kwa maji safi mara mbili. Watu husahau kusuuza, na chumvi yote hubaki. Kamulia ndimu, tia nyanya, pilipili na dania, ule papo hapo.

Mama amekwisha kurudi Voi. Alipimwa kabla ya kuondoka na presha ilikuwa imeshuka. Dawa ndiyo iliyofanya kazi kubwa, na jiko nalo likasaidia. Huko nyumbani anapika mwenyewe, na kopo la chumvi amelihamishia kabati la juu ambako inambidi apande kiti ili kulifikia. Maharagwe, ndengu na mboga hutuletei tabu tena. Nyama choma ndiyo iliyobaki. Hapo hakuna kitunguu cha kuficha pengo, na kila akija huniomba chumvi "ya kuchovya kidogo tu," nami nimempa ndimu na pilipili, na mpaka leo hatujakubaliana.